Kurudi Union City: kuucheza tena Beneath a Steel Sky bila kukwama

Anayeurudia mchezo wa Beneath a Steel Sky baada ya miaka mingi, au anayeufungua kwa mara ya kwanza kwa sababu kasikia sifa zake, mara nyingi hukwama mapema mno, ndani ya kiwanda kile cha kuchakata taka unapoanzia. Ana kitasa mbele yake, ana askari chini yake, anabofya kila kitu na hakuna kinachotokea. Kwa kawaida hudhani fumbo ni gumu. Fumbo lenyewe ni rahisi. Kinachomshinda ni kwamba anacheza kwa mwendo wa michezo ya leo ndani ya mji uliotengenezwa kwa mwendo mwingine. Ukiupata mwendo huo, mchezo mzima unafunguka, na unakuwa mmoja wa michezo mitamu zaidi iliyowahi kutengenezwa katika hadithi za saibapanki, yaani zile za kesho ambamo mashine zimepanda juu na binadamu wameshushwa.

Ulitengenezwa Uingereza na Revolution Software, ukatolewa na Virgin Interactive mwaka 1994 kwa kompyuta za DOS na Amiga. Aliyeuongoza ni Charles Cecil, na michoro ilisimamiwa na Dave Gibbons, mchoraji wa hadithi za picha ambaye wakati huo jina lake lilikuwa tayari kubwa. Ndiyo maana boksi lake liliuzwa na kijitabu cha picha kinachosimulia mwanzo wa kisa: helikopta inaanguka jangwani Australia, mtoto mmoja ananusurika, analelewa na watu wa jangwa wanaoliita eneo lao the Gap. Jina la ukoo wanampa kutoka kwenye kopo la bia lililookotwa hapo: Foster. Anapokuwa mtu mzima, askari wa mjini wanamfuata, wanaangamiza waliomlea na kumchukua. Helikopta ya pili nayo inaanguka, safari hii juu ya mji. Mchezo unaanzia hapo.

Waliokuwa na Amiga waliupata katika disketi 15, na kila ukibadilisha eneo ulikuwa unabadilisha disketi. Leo shida hiyo haipo. Mwaka 2003 Revolution waliutoa bure, na kabla ya hapo walikuwa wamewapa watengenezaji wa ScummVM, programu ya kuendeshea michezo ya zamani, msimbo wake ili waufanye ufanye kazi kwenye mashine mpya. Kwa hiyo unapoupakua bure humwibii mtu. Unaruhusiwa pia kumpa mwenzio kwenye flashi. Usichoruhusiwa ni kuufanya bidhaa yako ya kuuza.

Kuuweka kwenye mashine

Unahitaji vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndilo kosa la kwanza. Kimoja ni programu ya ScummVM yenyewe, ambayo ipo kwa Windows, Linux, Mac na simu za Android. Kingine ni mafaili ya mchezo, yanayopatikana kwenye ukurasa wa michezo ya bure wa ScummVM. Ukiweka programu peke yake utaona orodha tupu, na wengi hudhani imeharibika.

Mafaili yako katika matoleo mawili. Toleo la CD lina sauti za waigizaji na ni karibu MB 70. Toleo la disketi halina sauti, ni maandishi tu, na ni chini ya MB 10. Kama bando ni dogo, chukua la disketi bila wasiwasi: mafumbo ni yaleyale, picha ni zilezile. Lakini ukiweza, chukua la CD. Roboti Joey anapoongea, nusu ya utamu iko kwenye sauti yake.

Fungua zipu, yaweke mafaili yote kwenye folda moja. Ndani lazima yawepo matatu: sky.dnr, sky.dsk na sky.cpt. La tatu ndilo linalosahaulika. Watu wenye nakala za zamani, zilizotoka kwenye CD halisi au kwa rafiki, huwa na mawili ya kwanza tu, na ScummVM inakataa kuanza ikidai sky.cpt. Usihangaike kutafuta dawa nyingine. Pakua zipu mpya, au chukua faili hilo peke yake ulitie kwenye folda ileile.

Kisha ndani ya ScummVM bonyeza kitufe cha kuongeza mchezo, elekeza kwenye folda (siyo kwenye faili wala kwenye zipu), nayo itautambua yenyewe. Kwenye Android za karibuni mfumo hauruhusu programu iingie folda yoyote ovyo. Itakuuliza kwanza uipe ruhusa ya folda hiyo. Uipe au usiipe, ni juu yako, ila bila ruhusa haitaona kitu.

Mipangilio mitatu inafaa kuguswa kabla ya kuanza. Picha ya mchezo ni nukta 320 kwa 200, nayo ilichorwa kwa skrini za zamani ambazo nukta zake zilikuwa ndefu kidogo kwenda juu. Usipowasha marekebisho ya uwiano, watu wote wanaonekana wafupi na wanene kuliko walivyochorwa. Ukiwasha, picha inakuwa sawa na 320 kwa 240, na ukiikuza mara tatu unapata 960 kwa 720, inayokaa vizuri kwenye laptopu nyingi za kawaida. Upande wa muziki, chagua AdLib, yaani sauti ya kadi ya muziki ya zamani, kama unataka usikike bila usumbufu. Chaguo la MT-32, linaloiga kifaa cha muziki cha zamani chenye jina hilo, linatoa muziki mnono zaidi, lakini linadai mafaili mawili ya ROM (kumbukumbu ya ndani) ya kifaa chenyewe ambayo hayaji na ScummVM. Ukilichagua bila kuwa nayo, muziki hautakwenda unavyotarajia. Jambo la tatu ni la ladha: kwenye toleo la CD kuna kisanduku cha kutumia utangulizi wa toleo la disketi. Acha ulivyo kwa mara ya kwanza, kwa sababu utangulizi wa CD una hadithi ya Gibbons ikisomwa kwa sauti.

Washa pia maandishi pamoja na sauti. Kiingereza cha wahusika wengine kina lafudhi nzito na utani wa haraka, na neno moja likikupita laweza kuwa ndilo lililokuwa na kidokezo.

Mkono wa kushoto unatazama, wa kulia unatenda

Hapa ndipo penye mzizi wa kukwama. Katika michezo mingi kubofya kushoto ndiko kutenda. Katika huu, kubofya kushoto ni kutembea na kutazama. Kubofya kulia ni kutumia, kuchukua, kufungua, kuongea. Mtu anayebofya kushoto kwenye mlango ataambiwa kwamba ni mlango, mara kumi, mpaka achoke. Bofya kulia.

Vitu ulivyobeba viko juu: peleka mshale kwenye ukingo wa juu wa skrini, vitashuka. Bofya kitu kukishika, kisha kipeleke kwa unachotaka kukitumia nacho. Jina la kila kitu kinachogusika hutokea pale mshale unapopita juu yake, na hilo ndilo jicho lako. Mazoea mazuri ni kuufagia mshale polepole kila chumba kipya, kutoka kushoto kwenda kulia, kabla ya kubofya chochote. Vitu vingine ni vidogo kama punje, na hakuna mwanga unaokuonyesha vilipo.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye simu usitumie hali ya kugusa moja kwa moja. Ukigusa moja kwa moja hakuna kupita juu ya kitu, kuna kugusa tu, na majina huyaoni mpaka umeshabofya. Geuza iwe hali ya pedi, ambapo kidole kinausukuma mshale kama kwenye laptopu. Kugonga kwa kidole kimoja ni kushoto, kugonga kwa vidole viwili kwa pamoja ni kulia.

F5 inafungua paneli ya kuhifadhi, kurejesha na kubadili kasi ya maandishi. Nukta inaruka sentensi, Esc inaruka utangulizi, P inasimamisha. Ukishaujua mji na unachoshwa na kutembea, Ctrl pamoja na F inaongeza kasi. Ctrl na G inaongeza zaidi. Tumia kwa safari za lifti tu. Ukiiacha imewaka wakati watu wanaongea au wanazunguka, utapitwa na mambo.

Na uhifadhi. Unaweza kufa humu: kwa askari, kwa mionzi, kwa kiumbe gizani. Huna haja ya kuogopa kila hatua, lakini hifadhi kila unapoingia eneo jipya na uipe hifadhi jina la mahali, siyo namba. Baada ya wiki mbili “11” haikuambii kitu; “mlango wa pishi” inakuambia.

Watu wana ratiba zao

Mtambo ulioendesha mchezo huu waliuita Virtual Theatre, na Revolution walikuwa wameutumia kwanza kwenye mchezo wao wa 1992, Lure of the Temptress. Kazi yake ni moja kubwa: wahusika hawasimami kama sanamu wakikusubiri. Wanatembea. Bwana Gilbert Lamb, mwenye kiwanda cha mabomba, anatoka, anazurura, anarudi. Nyapara Potts anazunguka kiwandani. Unaweza kumhitaji mtu ukafika chumbani kwake ukakuta patupu.

Anayecheza kwa haraka huhesabu kwamba chumba kile hakina kitu na hakirudii tena. Hapo ndipo anapopotea kwa siku mbili. Ukikuta patupu, simama, ngoja nusu dakika, au toka ukarudi. Na ukimwona mtu mahali usipomtarajia, msemeshe tena hata kama mlishaongea, kwa sababu maneno yake hubadilika kadiri unavyoendelea. Kila unapokwama kabisa, zunguka uongee na kila mtu aliye kwenye ngazi uliyopo kabla ya kufikiria kutafuta majibu. Mara nyingi kidokezo kimekaa mdomoni mwa mtu uliyempita.

Mwanzo, na Joey

(Kuanzia hapa mafumbo yanafichuliwa. Anayetaka kuhangaika mwenyewe asome mpaka kwenye bodi ya Joey, aachie hapo.)

Uko juu kwenye daraja la chuma. Kwenye ngazi kuna kipago kimoja kilicholegea: kibofye kulia, kitatoka. Kitumie kuvunja mlango. King'ora kinalia, askari anapanda kuangalia, nawe unapaswa kuwa umetoka nje. Akishakuja juu, unarudi na kushuka. Wengi huvunja mlango wakabaki ndani wakishangaa, au hukimbilia chini mapema na kupigwa risasi. Toka, tulia, rudi.

Chini kuna lundo la vyuma chakavu, na ndani ya mfuko wako kuna bodi ya kielektroniki. Hiyo bodi ndiye Joey, roboti ambaye Foster alimtengeneza mwenyewe jangwani. Katika lundo tafuta ganda la roboti, tia bodi ndani yake. Joey anaamka, anaanza kulalamika papo hapo kwamba mwili aliopewa ni wa kudhalilisha. Kuanzia dakika hiyo, jizoeze swali moja: je, hili ni la kwangu au la Joey? Mchezo mzima umejengwa juu ya swali hilo. Foster anaongea na watu, anabeba vitu, anapanda ngazi. Joey anaongea na mashine, anaingia pasipoingilika, anagusa umeme. Kwenye jukwaa la lifti hakuna utakachofanya kwa mikono yako. Mwambie Joey aamshe roboti wa kubeba mapipa, ngoja lifti ifanye safari yake, kisha ushukie hapo.

Usipite kwa fundi Hobbins bila kufungua kabati lake na kuchukua spana. Utaihitaji mbele.

Kwenye chumba cha tanuru kamanda Reich anakufikia, na kabla hajakuua anauawa na LINC, kompyuta inayoutawala mji. Foster haelewi kwa nini imemwokoa, na wewe usielewe bado. Chukua kadi yake ya utambulisho na miwani yake. Kadi hiyo ndiyo pasi yako mjini: milango, lifti, na vituo vya LINC vilivyotapakaa kila mahali.

Mji uliopinduliwa

Union City una ngazi tatu, na hapa watengenezaji walifanya jambo la busara. Tumezoea hadithi ambamo tajiri anakaa ghorofani na maskini yuko chini. Hapa ni kinyume: viwanda na wafanyakazi viko juu kabisa, kwenye moshi, katikati ni Belle Vue, makazi na ofisi, wakubwa wanakaa chini, ardhini, kwenye bustani ya Hyde Park. Hewa safi na majani vimekuwa anasa, kwa hiyo wenye nacho wamevishukia. Kila lifti unayofanikiwa kuishusha ni cheo unachopanda. Hutaambiwa hivyo na mtu yeyote. Unakiona kwenye rangi, kahawia na kutu juu, kijani chini. Anayeijua Sydney ataona pia kwamba Hyde Park, St James na kanisa kuu pembeni ya bustani ni majina na mahali palipo katika mji huo, pamoja na mahandaki ya reli yasiyotumika yaliyo chini ya stesheni ya St James.

Ngazi ya juu ndiyo ndefu zaidi kwa mafumbo, na ndiyo inayostahili kuchezwa kwa utulivu. Kiwandani kwa Lamb kuna Anita, mfanyakazi kijana ambaye ni miongoni mwa wachache wanaokuongelesha kama binadamu. Msikilize mpaka mwisho. Kuna gia kubwa zinazozunguka: tia spana. Mashine inakwama, nyapara Potts anakuja juu, na wewe unapata nafasi ya ghala. Joey aingie kwanza ashughulikie sanduku la fyuzi. Ukiingia wewe kabla yake umekwisha. Ndani, sogeza ubao wa kukanyagia uliolazwa sakafuni, chini yake kuna bonge laini kama lami. Ni baruti ya plastiki. Ukisahau kusogeza ubao huo utarudi hapa baada ya saa nzima ukiwa hujui unatafuta nini, kwa hiyo usitoke ghalani mkono mtupu.

Kwenye chumba cha umeme kuna vitufe viwili vilivyo mbali, na lazima vibonyezwe kwa wakati mmoja. Mwambie Joey asimame kwenye kimoja, wewe bonyeza kingine. Ukimwagiza na papo hapo ukabonyeza, yeye atakuwa hajafika. Mwangalie atembee, asimame, ndipo ubofye. Kisha toa balbu kwenye holda ya taa, bandika lile bonge ndani ya holda, vuta swichi. Mlipuko unafungua njia ya kupeleka umeme kwenye lifti.

Balbu hiyo sasa iko mfukoni mwako na haina kazi. Ibaki na isiibuke akilini mpaka mwisho. Huwezi kuitupa, lakini unaweza kuisahau, na wengi huisahau.

Belle Vue

Katikati ya mji kuna daktari wa viungo bandia, Burke. Anaweza kukuwekea kichwani tundu la kuingilia ndani ya LINC, liitwalo Schriebmann. Mlangoni kwake mapokezi ni picha ya mwanga ya mwanamke, na haikuruhusu. Usibishane nayo, Joey aongee na projekta inayoitoa. Ukishaingia, mkono mtupu haulambwi: Burke hataki fedha, anataka uahidi kumwachia sehemu zako za siri ukifa. Kubali.

Kwenye kituo chochote cha LINC, ukiwa na kadi ya Reich, unaweza kumfutia mtu haki zake za mji. Mfutie Lamb. Ghafla lifti hazimjui, kadi yake haifanyi kazi, naye, aliyekuwa akikuita mshamba, anakuomba ukamlishie paka wake. Ni dakika chache tu za mchezo, lakini zinaeleza mfumo mzima wa mji: mwenye kiwanda na asiye na kitu wametenganishwa na mstari mmoja kwenye faili. Ukienda nyumbani kwake, lisha paka, na usiache mkanda wa video uliopo.

Ndoano unajitengenezea mwenyewe. Kampuni ya bima ina sanamu ya baharia mwenye nanga. Muulize wakala kuhusu bima maalumu mpaka atoke chumbani, halafu Joey, ambaye sasa uwe umemhamishia kwenye mashine ya kuchomelea, aikate nanga. Kebo Joey anaikatia juu, inaanguka ngazi ya chini yake, unashuka kuiokota. Unganisha nanga na kebo, rusha kwenye bango la jengo la usalama lililo ng'ambo, vuka. Kama Joey anakujibu kwamba hawezi kukata, hujambadilisha mwili.

Ndani ya LINC kwenyewe ndiko sehemu dhaifu ya mchezo, na tuseme ukweli: inachosha. Unakuwa umbo la mwanga kwenye vyumba vyeusi, na vitu ulivyobeba vinageuka kuwa programu: ya kufungua, ya kusimbua, ya kupanua kilichobanwa, nywila za rangi. Kanuni itakayokuokoa ni kupanua kila kitu kilichobanwa na kusimbua kila kisichosomeka mara tu unapokipata, kabla hujasonga chumba kinachofuata. Sehemu kubwa ya kukwama humo ni kubeba zawadi ambayo haijafunguliwa. Fuwele utakayoikuta baadaye haivunjwi kwa nguvu. Inavunjwa kwa mtetemo.

Mbwa, bilauri na pishi

Hyde Park panaonekana pa amani, na fumbo lake maarufu linamhusu mbwa wa Bi Piermont, Spunky. Bi Piermont ndiye anayeweza kukudhamini uingie klabu ya St James, kwa hiyo mfuate mpaka nyumbani kwake na umwombe. Akiwa kwenye simu, tia ule mkanda wa Lamb kwenye deki. Mbwa anaduwaa mbele ya televisheni, nawe unachukua biskuti zake. Rudi kwenye bwawa. Pana ubao uliokaa kama bembea ya kupimana, na juu yake ndoo ya matofali iliyofungwa kamba. Weka biskuti kwenye ncha ya ubao, ngoja Spunky aje mwenyewe kula, vuta kamba. Mbwa anarushwa bwawani, askari wa kanisa kuu anakimbilia kumwokoa, mlango unabaki wazi. Ukivuta kamba kabla mbwa hajapanda, hakuna kinachotokea. Tena ni kungoja.

Na ukiingia ndani ya kanisa, fungua makabati. Anita yumo. Mchezo unaokufanya ucheke kwa mbwa unakupeleka moja kwa moja mbele ya maiti ya msichana uliyeongea naye kiwandani, bila muziki wa kukuandaa. Huu ndio ushahidi mkubwa kwamba waandishi walijua wanachofanya. Aliyempita Anita haraka kule juu, hapa haumii, na hapo anakuwa amepoteza kitu ambacho hakuna mwongozo utakaomrudishia.

Klabuni piga muziki kwenye sanduku la nyimbo. Colston anainuka, bilauri yake inabaki mezani. Ichukue: ina alama za vidole vyake, na bamba la chuma kwenye mlango wa pishi linasoma vidole. Kwa wavu ulio pishini unahitaji mkasi wa kupogolea kutoka kibanda cha mtunza bustani, ambacho kufuli lake Joey analikata kwa moto.

Chini ya mji

Mahandaki ni mafupi lakini yanaua. Kuna mahali penye shimo jeusi ukutani, na ukilipita gizani, kitu kinakukamata. Pembeni kuna holda tupu ya taa. Ile balbu uliyoitoa ngazi ya juu kabisa, saa nyingi zilizopita, ndiyo hiyo kazi yake. Waliotengeneza mchezo walikuachia muda wa kuisahau.

Ndani zaidi kuta zinakuwa za nyama na mishipa. Bodi ya Joey inaingia kwanza kwenye roboti wa tiba, kisha, kwenye chumba cha matangi, kwenye mwili wa binadamu wa kutengenezwa. Anaamka akiwa na uso, na jina lake anakuwa Ken. Baada ya mchezo mzima wa kulalamikia makopo aliyovalishwa, Joey hatimaye ana mikono. Mlango mmoja uliobaki unataka viganja viwili kwa wakati mmoja, kama vile vitufe viwili vya chumba cha umeme: mpange Ken kwanza, aweke mkono, ndipo wewe uweke wako.

Kabla ya chumba cha mwisho, hifadhi. Kuna kiti, na ndani yake mtu ambaye LINC imemtumia kwa miaka, baba yake Foster. Kiti lazima kikaliwe. Kaa mwenyewe kwanza uone kinachokupata, kwa sababu mwisho huo nao umeandikwa kwa makini. Kisha rejesha hifadhi yako, geuka, na umsemeshe Ken.

Mwaka 2020 Revolution walitoa mwendelezo, Beyond a Steel Sky, ambamo Foster anarudi mjini kumtafuta mtoto aliyetekwa. Uache mpaka umewahi kumtuma Ken kwenye kile kiti kwa mkono wako mwenyewe.